Jino la Kwanza Kung'oka

Juma hili nilikuwa nimekusudia kuandika habari za ndovu wanaotoka Tsavo na kutuharibia mahindi, lakini itawapasa ndovu wangoje kidogo. Hapa nyumbani kwangu Voi limetokea jambo dogo ambalo limenishughulisha kuliko ndovu.

Mjukuu wangu wa kike, ambaye umri wake ni miaka sita na miezi kadha, ameng'oka jino lake la kwanza. Ni jino la mbele, la chini. Lilikuwa limelegea kwa muda wa siku nane, na siku zote hizo mtoto hakuwa na kazi nyingine ila kulisukuma kwa ulimi. Jumamosi alikuwa akila hindi la kuchoma, mara akanyamaza, akatoa kitu kinywani, akakitazama, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Mimi nilijua wajibu wangu. Nikamwambia alioshe jino lake, asimame mbele ya nyumba, alirushe juu ya paa huku akiomba apewe jingine lililo imara zaidi, kisha aondoke bila kutazama nyuma.

Akalirusha. Paa letu ni la bati. Jino likagonga ti!, likabiringika katika mikunjo ya bati, likaanguka miguuni pake. Akalirusha tena, likarudi. Mara ya tatu likaangukia penye kuku, na kama asingaliliwahi lingalimezwa na mtetea. Akanijia amelifumbata mkononi, akasema, "Babu, nyumba yetu hailitaki."

Nimefanya kazi ya ukarani miaka mingi na kujibu barua za kila namna, lakini kwa neno lile sikuwa na jibu.

Zamani kule kwetu mlimani shida hiyo haikuwako. Nyumba zilikuwa za nyasi, na nyasi hazirudishi kitu. Jino lilizama humo kama sindano katika pamba, nawe hukuliona tena. Fanyeni hesabu wenyewe: mtoto mmoja ana meno ya utoto 20, na nyumba ya watoto saba basi ina meno 140, yote juu ya vichwa vya wenyewe wamelala. Paa lilipoezekwa upya, na nyasi kuukuu zikashushwa, sisi watoto tulizichakura tukitafuta mali yetu, wala sikumbuki hata mmoja aliyepata. Wakubwa walisema panya ameyachukua. Nasi tuliridhika, maana meno ya panya ni madogo lakini hukata gunia, na tulitumaini kwamba atatulipa kwa meno ya namna ile ile.

Pengo lenyewe lilikuwa na cheo chake. Mwenye pengo aliitwa kibogoyo na kuchekwa, lakini alichekwa kama mtu anayepanda daraja. Vyeti vya kuzaliwa vilikuwa adimu, na mwalimu aliyetaka kujua kama mtoto amefikia umri wa kuanza shule alimwamuru apitishe mkono wake wa kuume juu ya kichwa na kushika sikio la kushoto. Mkono usipofika, mtoto alirudishwa nyumbani. Baadhi yetu, mkono ulipopungua kidogo, tulifunua midomo na kuonyesha mapengo yetu, kama wakili aonyeshavyo hati ya pili. Wala hatukuwa wajinga. Mwaka 1984, karibu na Ziwa Turkana mahali panapoitwa Nariokotome, Bwana Kamoya Kimeu aligundua mifupa ya mvulana aliyekufa yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Wataalamu waliotaka kukadiria umri wake walitazama meno, yapi ya utoto yamebaki na yapi ya ukubwani yameota. Walimfanyia kama alivyotufanyia mwalimu wetu.

Voi, kama mjuavyo, ni mji wa reli. Tangu reli ilipopita hapa katika miaka ya 1890, na hasa baada ya tawi la kwenda Taveta kujengwa wakati wa Vita Kuu ya kwanza, watu wa kila kabila wamekaa hapa. Nilipohamia mjini nilikuta katika landhi vinywa vya kila desturi. Wazee wa Kikamba walikuwa na meno ya mbele yaliyochongwa yakawa na ncha. Wazee wa Kijaluo walikuwa wameng'olewa meno sita ya chini, alama ya kwamba mtu ametoka utotoni. Wamasai waliong'olewa mawili ya chini walieleza kwamba mtu akishikwa na pepopunda, taya zikakazana, ataweza kunyweshwa maziwa katika tundu hilo. Nimewahi kumsikia kijana mmoja akiwacheka wazee hao, ilhali yeye mwenyewe ametia jino la dhahabu mahali palipokuwa na jino zima. Jino la pembe si dawa ya pengo, walisema wahenga. Na la dhahabu je, pasipo na pengo?

Lakini si hayo yaliyoninyima usingizi usiku wa Jumamosi. Mtoto alipokuwa akilala aliniuliza, "Babu, kwa nini yanaanza ya chini?" Nikamjibu kwamba yaliyotangulia kuota ndiyo hutangulia kung'oka. Akasema, "Na kama ya juu yangeanza kuota?" Nikamwambia alale.

Wako wasomaji wa umri wangu ambao wamekwisha kujua neno ninalolikwepa. Neno lenyewe ni kigego. Limo katika kamusi za Kiswahili, nalo ni la jamaa moja na gego, jino la nyuma. Na Wakikuyu kila jino huliita igego. Kigego ni mtoto anayeota meno ya juu kabla ya meno ya chini. Siku hizi watu hulitumia neno hilo kwa kumtukana mtu mwenye mikosi, pengine bila kujua asili yake. Asili yake si ya mzaha. Katika makabila mengi ya pwani na ya bara iliaminika kwamba mtoto huyo ataleta maafa na vifo katika ukoo, kwa hiyo aliuawa, au aliachwa porini, au alipewa watu wa mbali wasiojua habari zake. David Livingstone aliandika mambo kama hayo aliyoyakuta kwa makabila ya kusini. Kuna vigego waliookolewa kwa kupelekwa misheni, wakakua huko, wakawa watu kama watu wengine.

Dada yangu mkubwa, aliyenitangulia kwa miaka minne, alikuwa kigego.

Mama aliona alama mbili nyeupe katika ufizi wa juu mtoto alipokuwa na miezi minane. Hakumwambia baba. Alimwambia nyanya yetu, yaani mama yake baba, ambaye kwa desturi ndiye aliyestahili kuogopwa zaidi kwa kuwa ukoo ulikuwa wake. Nyanya alimchukua mtoto, akamfunua mdomo, akatazama kwa muda, akaufunga. Akasema kwamba mtoto huyu anaumwa macho, na upepo usimpige. Tangu siku ile dada alibebwa uso wake ukiwa kifuani, amefunikwa nguo. Hakuna jirani aliyeruhusiwa kumpokea, wala kumchekesha, maana mtoto akicheka huonyesha kila alicho nacho. Shangazi mmoja alipokuja kumjulia hali, nyanya alikaa mlangoni akipukuchua mahindi, hakuinuka mpaka shangazi alipokwenda zake.

Wiki tano zilipita hivyo. Meno ya chini yalipotokea, mawili kwa pamoja, nyanya alimpeleka mtoto kisimani asubuhi wakati wanawake ni wengi, akamfunua uso, akamtekenya. Dada akacheka mbele ya watu wote, na meno yake manne yakaonekana. Mwanamke mmoja alisema, "Huyu ameota upesi!" Nyanya akajibu kwamba dawa ya macho ilikuwa na nguvu.

Baadaye, dada alipofika umri wa kung'oka, meno yake yote yalirushwa juu ya paa kama yetu, isipokuwa mawili ya mbele ya juu. Hayo nyanya aliyaomba. Aliyaweka wapi hatukupata kujua. Sisi wadogo tuliona ni upendeleo, tukanuna.

Habari hizi dada alizipata akiwa mama wa watoto watatu. Nyanya alikuwa mzee sana, haoni, na siku moja alitusimulia tukiwa wawili tu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza jinsi alivyoficha mbegu wakati wa njaa. Dada hakulia. Alikaa kimya, akauliza, "Na wale wasiokuwa na nyanya?" Nyanya hakujibu. Akaomba maji, akatia funda kinywani, akalipuliza nje kuelekea mlangoni. Wasomaji wa kwetu wanajua maana yake. Kwa wengine nitaeleza kwamba ni kutasa. Mtu hutia kinywani maji, au pombe ya miwa, akayapuliza huku akitoa hasira moyoni na kunena baraka. Nyanya hakunena neno.

Sikusudii kuwahukumu wazee. Watu hao ndio waliohifadhi mafuvu ya wakubwa wao katika mapango ya milimani, kwa heshima, na meno yakiwa yangali ndani. Mtu hawezi kusema kwamba hawakuthamini uhai. Waliona watoto wengi wakifa katika umri ule wa kuota meno, wakatafuta sababu, wakaishika iliyokuwa mbele ya macho. Mganga wa meno atakuambia leo kwamba kwa kawaida meno mawili ya mbele ya chini huanza, katika mwezi wa sita hivi hata wa kumi, kisha ya juu. Lakini watoto wengine huanza kwa juu, wengine huchelewa mpaka mwaka mmoja, na wako wachache wanaozaliwa na jino kinywani. Hakuna ugonjwa wala mkosi ndani yake. Ni kama mahindi ya shamba moja, yasiyochomoza yote siku moja.

Lakini kosa lile la kushika kilicho mbele ya macho halijafa, na ndiyo sababu ya kuandika. Badala ya kigego limekuja jambo jingine, liitwalo meno ya nailoni, au meno ya plastiki. Limeonekana katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, Kenya, Uganda na Tanzania. Mtoto mchanga anashikwa na homa na kuhara. Mtu anayejiita mjuzi humfunua mdomo, akaonyesha uvimbe mweupe katika ufizi, mahali pa chonge, akasema kwamba hilo ni jino bovu, ndilo linalomtia mtoto ugonjwa, na lazima lichimbuliwe. Hulichimbua kwa kisu au kwa njiti ya baiskeli. Kinachotoka ni kidogo, cheupe na laini, na mama huamini kwamba ni funza au nailoni. Sicho. Ni jino la kweli la utoto ambalo halijakomaa. Mtoto hutokwa na damu, jeraha huweza kuoza, na wako waliokufa kwa hayo. Aliyepona huweza kukua bila chonge, au chonge la ukubwani likatoka limepotoka, kwa sababu mbegu yake ilikuwa chini ya lile lililochimbuliwa.

Kwa nini basi mtoto huhara anapoota meno? Kwa sababu ni umri ule ule anaoanza kutambaa na kuokota kila kitu akitie kinywani, na ambao kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama yake inapungua. Jino hufanya ufizi uwashe na udenda utoke, basi. Homa kali na kuhara vina sababu nyingine, na dawa yake ni zahanati: unga wa pakiti unaochanganywa na maji safi, vidonge vya zinki, na kuendelea kumnyonyesha. Najua wapo vijana wenye cheti cha kidato cha nne ambao walimpeleka mtoto kwa mchimbaji kwa sababu mama mkwe alisema. Jirani yangu mmoja, karani kama mimi, ni miongoni mwao. Alinisimulia mwenyewe akitazama chini, na mtoto wake yu hai, Mungu ashukuriwe, ingawa akicheka utaona.

Sasa nirudi kwa meno yanayong'oka kwa wakati wake, maana nayo yana makosa yetu. Wazazi wengi husema, "Ni ya utoto, yatatoka tu," wakaacha yaoze. Jino la utoto hushika nafasi ya ndugu yake anayekuja. Likiondolewa mapema mno kwa kuoza, majirani zake huegemea penye tundu, na jino jipya likifika hukuta mlango umefungwa nusu, likatoka upande. Tena, mtoto afikapo miaka sita, hutoka magego manne mapya nyuma ya yale ya utoto. Hayaondoi jino lolote, yanakuja kimya, na kwa hiyo wazazi huyadhania kuwa ya utoto. Hayo ni ya maisha. Yakioza hakuna jingine chini. Mswaki wa mti, ambao huku nyikani Tsavo unaota bila kupandwa na mtu, ni mzuri ukitumiwa kwa bidii. Dawa ya meno yenye floridi husaidia zaidi, kiasi cha chembe ya mchele kwa mtoto mdogo, na kiasi cha mbaazi moja akipita miaka mitatu.

Pengine jino jipya la mbele hutokea nyuma ya lile la utoto kabla halijang'oka, mtoto akawa na safu mbili kama papa. Mama mmoja alinikimbilia kwa hofu hiyo. Mara nyingi si kitu. La zamani litalegea lenyewe, na lisipolegea mganga wa meno ataliondoa. Lakini jino la ukubwani likiruka nje kwa kuanguka au kwa mpira, msilirushe juu ya paa! Lishikwe upande wa kutafunia, si penye mzizi, lisuuzwe kidogo kwa maziwa au maji, lirudishwe katika tundu lake pale pale, au litiwe katika maziwa na kupelekwa hospitali kabla ya saa moja kupita. Huweza kushika tena. La utoto halirudishwi.

Huko kwa wenzetu wa mbali nako jino la mtoto lina mambo yake. Wajapani hurusha la chini juu ya paa, na la juu hulitupa chini ya sakafu, ili jipya lielekee liliko la zamani. Misri hulirusha kuelekea jua. Wahispania humwachia panya aitwaye Pérez, ambaye padre Luis Coloma alimtungia hadithi mwaka 1894 kwa ajili ya mfalme wao mdogo, Alfonso wa 13, aliyekuwa na umri wa miaka minane. Kwa hiyo panya wetu ana jamaa katika jumba la kifalme. Waingereza na Wamarekani huliweka chini ya mto, na asubuhi mtoto hukuta fedha. Desturi hii imefika Nairobi na Mombasa, na hata hapa Voi mtoto mmoja alimdai baba yake shilingi mia.

Habari iliyonipendeza kuliko zote ni ya mji wa St. Louis, Marekani. Tangu mwaka 1958 hata 1970 watoto wa huko na wa sehemu nyingine walipeleka meno yao ya utoto kwa wanasayansi, yapata 320,000. Wakati huo mataifa makubwa yalikuwa yakijaribu mabomu ya nyuklia hewani. Sumu yake, iitwayo stronti 90, iliangukia majani, ng'ombe wakala, watoto wakanywa maziwa, na meno yakaihifadhi. Wanasayansi waliipima, wakaona inaongezeka mwaka hata mwaka. Mwaka 1963 Marekani, Uingereza na Urusi ya Kisovieti zilitia sahihi mkataba wa kuacha majaribio ya hewani, na meno yale yalikuwa miongoni mwa hoja zilizosikizwa. Kila mtoto aliyetoa jino alipewa beji. Nilipomsimulia mjukuu wangu aliuliza kama beji hizo bado zinatolewa.

Basi jino lake lilikaa katika kisanduku cha kiberiti mpaka Jumapili, maana paa la bati lilikuwa limekwisha kulikataa. Dada yangu anakaa kule kwetu juu, karibu na Wundanyi, na ingawa nyumba yake ni ya bati kama nyumba zote, hajakubali kubomoa jiko lake la nyasi. Nikalitia lile sanduku katika bahasha, nikaandika jina lake kwa wino, nikampa dereva wa matatu ninayemfahamu. Aliuliza ndani kuna nini. Nilimwambia ni hati.

Jumatatu jioni dada alipiga simu. Alisema amelirusha mara moja tu, halikurudi. Mtoto aliomba simu, akauliza kama hakutazama nyuma. Dada akamjibu kwamba kwa umri wake shingo haigeuki tena upesi hivyo.

Juma lijalo, tukijaliwa, ndovu.